Seremala Anaomba Elfu Thelathini na Nane

Jumatatu, 30 Septemba 2013

Mvua. Mavis wa nyumba ya pili ameniambia nikiendelea kuongea na birika la chai atawaita watu wa ustawi wa jamii waje kunichukua. "Andika, Wilf," kasema. "Daftari litakuvumilia kuliko mimi." Alipika chakula cha watoto wa shule miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama kuna mtu anaruka foleni.

Basi naandika. Ni mwezi wa tano tangu mke wangu Noreen aondoke duniani. Nina miaka sabini na mmoja, macho mabovu, na paa linalovuja juu ya choo.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mavis alikuja kuazima mayai akanikuta mbele ya kompyuta nimevaa miwani juu ya miwani.

"Unacheza kamari?"

"Nakopesha."

"Unamkopesha nani wewe, na paa lako linavuja?"

Nikamweleza. Mwenye biashara anaandika kwenye tovuti anataka kiasi gani na cha kufanyia nini. Jina lake halionekani, na sisi wakopeshaji tuna majina ya kubuni. Kila mmoja wetu anaweka dau: natoa pauni kadhaa, nataka riba kadhaa. Mnada una siku kumi, na mstari wa kijani unaonyesha mkopo umejaa kiasi gani. Ukishajaa, anayetaka riba ndogo anamsukuma nje anayetaka kubwa. Siku kumi zikiisha haujajaa, mwombaji anakwenda zake mikono mitupu.

"Mbona mkopo wa huyu wako uko nusu, na imebaki saa moja?"

"Kaa uone."

Watu wanajificha. Anayetangulia anawaonyesha wenzake riba yake, nao wanakuja chini yake kidogo tu, wanamtupa nje. Mwenye akili haweki dau mapema. Huyu wa leo alikuwa mwoka biskuti wa Hull. Mpaka saa tisa kasoro dakika ishirini mstari haukuwa umesogea hata unywele. Kasoro kumi ukaanza kutembea. Kasoro tano ukajaa. Dakika ya mwisho watu walikuwa wanakanyagana, na mimi nikapita na pauni zangu mia tatu kwa asilimia nane na nusu.

"Ebo!" Mavis akasema. "Na mwoka biskuti naye siku zote kumi alikuwa anakula nini? Kucha zake?"

Sikuwahi kumfikiria mwoka biskuti. Noreen ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Alikuwa anakaa kwenye kiti hiki hiki, mkono juu ya kipanya, ananikataza hata kukohoa.

Jumapili, 6 Oktoba

Kila Jumapili Noreen alimpigia Adrian, mtoto wetu wa pekee, wakaongea saa nzima habari zisizo na kichwa wala miguu. Sasa Jumapili nyumba hii iko kimya.

Nitaliandika mara moja halafu nisilirudie. Siku mama yake anakata roho, Adrian alikuwa Halifax anafunga ngazi ya mbao nyumbani kwa mtu. Nilimpigia saa nne asubuhi. Alifika hospitali saa tisa, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, na Noreen alikuwa ameondoka saa saba na nusu. Nikamwambia palepale mlangoni, muuguzi anasikia: "Ngazi za watu zimekuwa bora kuliko mama yako." Makaburini alisimama upande wa pili. Hajapiga simu tangu siku ile, wala mimi sijapiga. Karakana yake iko pembeni mwa mfereji, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu.

Nadhani nilikuwa na haki. Nadhani hivyo bado.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Pai ya dukani. Haina ladha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mikopo mipya sita. Mmoja umenikaa: kampuni ndogo ya useremala, kaskazini, wafanyakazi wawili pamoja na mwenyewe. Anaomba elfu thelathini na nane, anunue mbao za mwaloni na mashine ya kuranda, kwa kuwa ameahidiwa kazi kubwa ya kufunga ngazi katika kiwanda cha zamani kinachogeuzwa makazi. Hesabu zake safi. Ila faida ya mwaka jana imeanguka kwa theluthi nzima, na hakuna maelezo. Mnada unafungwa Alhamisi ya tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri.

Jumanne, 15 Oktoba

Kuna mahali pa kumwuliza mwombaji maswali, na majibu yanasomwa na wote. Nimemwandikia yule seremala: "Faida yako imeshuka kwa theluthi. Je, mkurugenzi anaipa biashara muda wake wote? Nataka jibu lililonyooka." Noreen alikuwa ananicheka kwa maswali yangu, eti naandika kama hakimu. Lakini pesa ni zangu, nitauliza nitakavyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Amejibu. Nimelinakili lote hapa, maana nimelisoma mara nyingi mno kwenye kioo na macho yanauma.

"Hapana, mwaka jana sikuipa biashara muda wangu wote. Mama yangu alikuwa na saratani. Kwa miezi saba nilifunga karakana kila Jumanne na Ijumaa nikampeleka Leeds kwa matibabu, kwa sababu baba yangu haoni vizuri kuendesha gari. Mama alifariki mwezi Mei. Sasa muda ninao wote."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikalifunga. Nikarudi nikakaa, na maneno yalikuwa palepale.

Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa namfungia Noreen vifungo vya koti, namtoa hadi barabarani, Adrian anamwingiza garini, mimi narudi ndani kuangalia mpira wa kriketi. Miezi saba. Sikuuliza hata siku moja nani yuko karakana. Nilidhani karakana inajiendesha.

Nikamwambia mwanangu amemwacha mama yake kwa ajili ya kazi. Jana nimemwambia, mbele ya wakopeshaji wote wa nchi hii, ameiacha kazi. Nimemhukumu mara mbili kwa makosa mawili ambayo hayawezi kuwa ya mtu mmoja.

Nimelia. Haya, nimeandika. Nimelia mbele ya kompyuta na mvua inapiga dirishani, mzee mzima.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeamua. Kuna zile pauni elfu ishirini za bima ya Noreen, sijazigusa. Nitaziweka zote kwa riba ya asilimia sita, ambayo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa na tovuti. Wengine watajaza zilizobaki. Adrian atapata mkopo wake kwa bei ya kutupa, na hatajua ni nani.

Mstari uko asilimia thelathini na moja. Ni kawaida. Nitaingia siku ya mwisho, saa tisa kasoro kumi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Mavis kila kitu. Nilitegemea anipongeze. Aliweka kikombe chini.

"Una pesa?"

"Ninazo."

"Unataka kumpa?"

"Nataka."

"Sasa unasubiri nini? Kwani ukiweka leo kuna polisi atakuja kukukamata?"

"Mavis, mambo haya huyajui. Ukitangulia, watu wanakuja chini yako wanakutupa nje."

"Wakija chini yako si ndiyo riba inapungua? Si ndiyo heri kwa mtoto?"

Nikamwambia hakuna mkopeshaji anayeweka elfu ishirini siku ya tano. Watashtuka, watadhani kuna ujanja, watakimbia. Huwa tunasubiri, nikamwambia. Ndivyo tunavyofanya.

"Ndivyo mnavyofanya," Mavis akasema, akavaa koti. "Na simu yako ina ugonjwa gani? Mpigie, au mwandikie ujumbe, 'Mwanangu, usihangaike, baba yupo.' Maneno manne tu, Wilf. Hata kwa macho yako yanaandikika."

Nikamjibu kwamba Adrian ana namba yangu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Asilimia thelathini na mbili.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeishika simu nikairudisha. Nimeishika tena. Ningemwambia nini? Kwamba lile swali ni langu? Alhamisi akishapata pesa zake zote nitampigia, mambo yatakuwa mepesi. Mtu akiwa amefurahi ni rahisi kuongea naye.

Asilimia thelathini na nne. Mto umepanda hadi kwenye jiwe la pili la daraja.

Jumatatu, 21 Oktoba

Thelathini na nne. Mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimetembea hadi mferejini. Taa za karakana zilikuwa zinawaka mchana, giza la mvua. Nilimwona kupitia dirisha, yeye na Trevor, fundi wake wa siku zote, wamesimama mbele ya kompyuta ndogo juu ya meza ya kazi. Hawakuwa wanafanya kazi. Wamesimama tu wanaangalia. Trevor alimwekea mkono begani.

Nilijua wanaangalia nini. Ningegonga mlango. Nilikaa chini ya mwavuli dakika tano nzima, halafu nikageuka.

Na kwa kuwa daftari hili hakuna mtu atakayelisoma, niseme ukweli. Si desturi ya mnada tu iliyonizuia. Kuna sehemu ndogo ndani yangu ilitaka atoke jasho kidogo. Asubiri na yeye, kama nilivyosubiri mimi siku ile kuanzia saa nne mpaka saa tisa nimeshika mkono wa mama yake. Siku mbili tu, nilijiambia. Siku mbili hazimuui mtu.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimefungua saa saba mchana. Mkopo haupo kwenye orodha. Nilidhani ni macho. Nikavaa miwani ya pili. Nikatafuta kwa namba yake.

"Ombi hili limeondolewa na mwombaji."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Hakuna mahali pa kuweka pesa. Pauni elfu ishirini ziko kwenye akaunti, na hakuna mahali pa kuziweka.

Nimempigia hapohapo. Sasa ndiyo vidole vimepata nguvu. Simu imeita hadi mwisho. Nimepiga mara nne.

Mavis alikuja jioni, akaona uso wangu, hakusema "nilikwambia". Alinipashia supu akakaa mpaka nikaimaliza. Ningependa angenitukana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jua limetoka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekwenda karakana. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na gari la mizigo limeingizwa kinyumenyume. Vijana wawili nisiowajua walikuwa wanapandisha msumeno wa meza. Adrian alikuwa juu ya gari anafunga kamba. Amekonda. Ana mvi masikioni ambazo sikuziona makaburini.

"Baba," akasema. Hakushuka.

"Unauza?"

"Nimeshauza. Huyu mwenye gari amechukua vyote kwa pamoja."

"Na kazi ya kiwanda?"

"Mkandarasi aliirudisha tarehe nyuma, akataka jibu Jumatano saa sita mchana. Mbao ninazo au sina. Nikamwambia sina. Amewapa watu wa Huddersfield. Bila kazi ile karakana haisimami."

Jumatano saa sita. Kama tungekuwa tunaongea ningelijua hilo. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, yote yakapotea, nikabaki na yaliyo mabaya tu.

"Adrian, mstari ule haumaanishi kitu. Huwa haujai mpaka saa ya mwisho. Wote tunasubiri. Ungevuta mpaka Alhamisi saa tisa..."

Mkono wake ukasimama kwenye kamba.

"Wote mnasubiri," akasema.

"Nilikuwa na elfu ishirini. Za mama yako. Nilikuwa niziweke Alhamisi, saa tisa kasoro kumi. Kwa asilimia sita."

Vijana wale walijifanya wanatafuta kitu upande wa pili. Adrian akashuka, taratibu, akasimama mbele yangu. Nilidhani atapiga kelele. Ningeshukuru.

"Na lile swali," nikasema. "La muda wote. Lilikuwa langu, na sikujua ni wewe. Wallah sikujua."

"Nilijua ni lako."

"Ulijuaje?"

"Baba. Nani mwingine katika dunia hii anaandika 'nataka jibu lililonyooka'? Nimelisikia kila nilipoleta ripoti ya shule." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilipoliona nilikasirika, halafu nikasema, aa, basi yupo. Baba yupo upande wa pili. Nikakujibu wewe. Hao wengine ningewaandikia mambo ya soko na bei za mbao. Lile jibu nilikuandikia wewe."

Nilivua miwani nikaipangusa.

"Halafu nikawa nafungua kila asubuhi. Trevor anasimama nyuma yangu, anauliza, 'Kuna kitu?' Sikuwa naangalia jumla, baba. Nilikuwa naangalia kama limeingia dau moja jipya. Hata la pauni ishirini. Ningejua tu ni lako. Wiki nzima. Jumatano asubuhi nikamwambia Trevor, basi, amesoma, na hilo ndilo jibu lake."

"Halikuwa jibu langu."

"Mimi ningejuaje?"

"Zichukue leo. Zote. Sitaki riba, sitaki hata zirudi."

"Leo ni za nini?" Alionyesha kwa mkono ukumbi ulio mtupu, sakafu yenye alama nyeupe za miguu ya mashine. "Trevor ameshapata kibarua cha kupakia kwenye ghala. Ana miaka hamsini na minane. Mimi kuna kampuni ya kufunga makabati ya jikoni imeniita Aberdeen, kule Uskoti. Naanza tarehe kumi na moja."

Dereva akapiga honi. Adrian akarudi kufunga kamba ya mwisho, na mimi nikasogea ukutani kupisha gari.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Za nyumba nzima ni zangu kuzirudisha peke yangu: ya jikoni, ya ukutani, ya kitandani upande wa Noreen.

Jumatano, 30 Oktoba

Mavis ananitaka niweke zile pesa kwenye paa. Nimemwambia siwezi kuzigusa. "Basi usiziguse," kasema, "ila usizifanye sanamu la kuabudu."

Jumanne, 5 Novemba

Fataki mji mzima, kama kila mwaka tarehe hii. Mavis kaleta keki ya tangawizi. Nimekula kipande kimoja kwa heshima yake.

Nimeuza mikopo yangu yote midogo, mmoja mmoja, kwa mkopeshaji yeyote aliyeutaka. Miaka mitatu nilijiona hodari wa kujua saa ya kuingia. Nilikuwa nahesabu nilichopata, robo asilimia hapa, nusu pale, na sikuwahi kuhesabu wale ambao walikaa upande wa pili siku kumi na kinywa kikavu. Mwoka biskuti wa Hull, huenda ana baba yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Baridi kali, hakuna mvua. Nimekwenda nyumbani kwake, maana kesho anaondoka. Alinifungulia mwenyewe. Masanduku yamejaa ukumbini. Hakunikaribisha ndani wala hakufunga mlango, tukasimama hivyo, mimi nje, yeye kizingitini.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema. Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa mtoto wangu, na yalitoka kwa sauti ya juu mno, jirani yake akachungulia.

"Wa lipi?" akauliza. "Wa mama, au wa karakana?"

"Wa yote mawili."

Aliangalia chini. Alikuwa amevaa soksi bila viatu, kidole gumba kimetoboa, na nilitaka kumwambia azishone kabla ya kwenda huko kwenye baridi.

"La mama nilikusamehe siku ileile," akasema. "Ulikuwa umefiwa. Mtu akifiwa anasema lolote. Lakini hili jingine, baba, ulikuwa na wiki nzima ya kufikiri." Alipangusa uso kwa mkono. "Hili nipe muda."

Nikamwambia sawa. Nikampa mkono, akaupokea, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotegemea, halafu akaniambia niangalie ngazi za nje zina barafu.

Sikumwuliza ni muda gani.